Adui Asiye na Sababu

Katika likizo ya mwezi wa Juni mjukuu wetu alitoka Dar es Salaam akaja kukaa nasi majuma matatu hapa bondeni mwa Lukuledi. Ni mtoto wa miaka 12, mtiifu na mwepesi wa kuelewa. Siku ya nne asubuhi watoto wa jirani walimkuta kenge nyuma ya banda letu la kuku, wakamwandama kwa fimbo na mawe hata akafa. Tulipofika, kazi ilikuwa imekwisha. Mjukuu wetu alikuwa amesimama penye mzoga, fimbo mkononi, wala hakuonyesha hasira wala furaha. Alitutazama akauliza, "Babu, huyu anatoa nini?"

Hatukumwelewa. Tulidhani anauliza habari za sumu, tukaanza kumweleza tofauti ya kenge na nyoka. Akatikisa kichwa. Akasema kwamba katika mchezo wake wa kompyuta kila mnyama adui akiuawa hutoa kitu: ngozi, au makucha, au nyama. Alitaka kujua kenge anatoa kitu gani. Tukamwuliza, "Na yeye alikufanyia nini?" Akafikiri kidogo. "Hakunifanyia kitu, Babu. Ni adui tu."

Zamani tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba jibu la mtoto likikushangaza, usianze kwa kumkemea. Tafuta kwanza mahali alipolipata. Basi jioni ile tulimwomba atuonyeshe mchezo wenyewe. Akafungua kompyuta yake ya kupakata, tukakaa naye hata saa nne za usiku.

Mchezo huo unaitwa Skyrim. Ulitolewa tarehe 11 Novemba 2011 na kampuni ya Bethesda ya Marekani, na mpaka leo ungali unachezwa pande zote za dunia. Mchezaji huwa msafiri katika nchi ya kubuni yenye theluji, misonobari, magofu na majoka yarukayo. Hatuna budi kukiri kwamba ni kazi ya mikono stadi. Tuliona alfajiri juu ya milima ile tukasahau kwamba tunatazama picha. Lakini msafiri hajaenda mbali njiani, na mara mbwa mwitu wawili watatu wamemrukia kutoka kando. Huko mbele kuna dubu, kuna paka wakubwa wenye meno kama majambia, kuna buibui wanaomzidi mbuzi kwa ukubwa. Mbwa mwitu wale hawamjui msafiri, wala hakuwakosea neno. Wanamwona, wanamvamia, na mara nyingi hupigana mpaka kufa. Kisha mchezaji huinama juu ya mzoga, huchukua ngozi, na ngozi huiuza dukani.

Ziko sababu za watungaji kufanya hivyo, na si sababu za ukatili. Mchezaji anapoanza ni dhaifu, anahitaji adui mdogo wa kujifunzia. Tena safari ndefu isiyo na hatari humchosha. Zaidi ya hayo, mnyama ni adui wa gharama ndogo, maana adui mtu atadai jina, maneno, na habari za alikotoka, lakini mbwa mwitu hadai cho chote. Ndani ya programu kila kiumbe huandikiwa kipimo cha ukali na kipimo cha ujasiri. Mbwa mwitu wa Skyrim ni mkali kwa sababu ameandikwa mkali. Ukiuliza zaidi ya hapo hakuna jibu. Sababu imeishia hapo.

Sasa swali tunalotaka kulifikiri pamoja nanyi ni hili: Je, upo ubaya wo wote katika kumwua mnyama asiyekuwapo?

Wako watakaosema haupo, na hoja yao si dhaifu. Mbwa mwitu wa picha haoni uchungu. Hana watoto pangoni wanaomngoja. Sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tulicheza uwindaji, mmoja akiwa nguruwe na wengine mbwa, wala hakuna aliyekua akawa mwuaji kwa ajili ya mchezo ule. Mtoto anajua tofauti ya mchezo na jambo la kweli, pengine kuliko tunavyodhani.

Wengine watajibu kwa hoja ya zamani, ambayo mwanafalsafa Kant wa Ujerumani aliifundisha katika karne ya 18. Yeye alishikilia kwamba mwanadamu hana wajibu kwa mnyama mwenyewe. Lakini alionya kwamba anayezoea kuwatesa wanyama huufanya moyo wake kuwa mgumu, na ugumu ule utawafikia watu. Kwa hoja hii mchezo ungekuwa mbaya kwa sababu unamzoeza mtoto ukatili.

Sisi tulitaka kukubali hoja hiyo, lakini tuliyoyaona kwa macho yalitukataza. Juma lile lile mbuzi wetu alizaa mapacha, na mmoja akafa usiku. Mjukuu wetu alilia, akakataa chai, akaomba amzike yeye mwenyewe chini ya mwembe. Moyo wake haukuwa mgumu hata kidogo. Basi yule aliyemlilia mwana-mbuzi ndiye yule yule aliyesimama juu ya kenge akiuliza anatoa nini. Tofauti ilikuwa wapi? Mwana-mbuzi alikuwa mbuzi. Kenge alikuwa adui, na kwa adui hapakuwa na la kuuliza ila faida yake.

Hapo ndipo tunapoona kosa. Moyo wa mtoto haukuharibiwa. Kilichofundwa vibaya ni akili yake: imezoezwa kutouliza kwa nini. Amekutana na mamia ya wanyama waliomjia kwa vita bila sababu, na kila mara ilikuwa kweli kwamba hapakuwa na sababu, maana mtungaji hakuweka. Tabia hiyo ya kutouliza ndiyo aliyokuja nayo nyuma ya banda la kuku.

Mtasema kwamba hata hadithi zetu za kale zina wanyama wabaya. Ni kweli. Lakini tazameni tofauti. Fisi wa hadithi ni adui, lakini kila mtoto aliyekaa penye moto na bibi yake anajua kwa nini: ana njaa, ana tamaa, tena ni mjinga. Simba anataka kula, au anataka kuheshimiwa. Sungura anadanganya kwa sababu ni mdogo na hana nguvu. Hadithi ile ilimpa adui kinywa, akasema shida yake. Mtoto aliyeisikia alilala akijua kwamba uadui una mzizi, na pengine akautambua mzizi ule ndani yake mwenyewe. Msomaji wa Maandiko naye atakumbuka kwamba Adamu alipoletewa wanyama alipewa kazi ya kuwapa majina. Hakuambiwa awagawe kuwa maadui na rafiki.

Je, hadithi ya adui asiye na sababu yaweza kumdhuru mnyama wa kweli? Mfano wa kwanza ni huyo mbwa mwitu. Yule wa nchi za baridi, aliye katika mchezo, ni mnyama aishiye kwa jamaa, baba na mama na watoto wao, na kwa kawaida humkimbia mtu. Yapo mashambulio ya kweli katika historia, hasa ya wenye kichaa cha mbwa, lakini si kawaida yake. Hata hivyo watu wa Ulaya walimsimulia kwa karne nyingi kama uovu wenye miguu minne. Kweli aliwala kondoo wao, na hiyo ni sababu ya kumfukuza mnyama zizini; lakini walimfuata hata mahali pasipo na zizi. Katika hifadhi ya Yellowstone huko Marekani, mahali palipotengwa kwa ajili ya wanyama, wawili wa mwisho waliuawa mwaka 1926. Ilipofika mwaka 1995 na 1996 serikali ile ile ilileta 31 kutoka Kanada kuwarudisha.

Na kwetu Afrika Mashariki jina hilo hilo la mbwa mwitu tunalo, lakini mnyama wetu ni mwingine: ni yule mwenye masikio ya mviringo na madoa meusi, meupe na ya rangi ya dhahabu. Ni vigumu kupata habari ya kuaminika kwamba amewahi kumwua mtu. Lakini katika nchi kadhaa za Afrika alipigwa risasi kwa miaka mingi kama mdudu mharibifu, hata ndani ya hifadhi, kwa kuwa namna yake ya kuua ilionekana ya kikatili. Leo ni katika wanyama walao nyama walio adimu kabisa barani, na mojawapo ya makundi makubwa ya waliosalia liko huku kusini kwetu, katika nyika za Selous na hifadhi ya Nyerere. Mjukuu wetu alipomwona katika kitabu alishangaa. "Huyu ndiye mbwa mwitu? Mbona mzuri?"

Mfano wa pili ni wa mwandishi Mmarekani, Peter Benchley. Mwaka 1974 alitoa kitabu cha kubuni kiitwacho Jaws, habari za papa mmoja anayewawinda waogeleaji, na mwaka 1975 kikafanywa sinema iliyotazamwa duniani kote. Baada yake wavuvi wengi wa Marekani walitoka kuwaua papa kwa kujionyesha ushujaa. Benchley mwenyewe alijifunza habari za papa baadaye, akasema wazi kwamba kwa elimu aliyokwisha kuipata asingeweza kukiandika tena kitabu kile, na miaka yake ya mwisho aliitumia kuwatetea, hata alipofariki mwaka 2006. Tunamheshimu mtu huyo. Hakukusudia kumdhuru papa ye yote. Alikusudia kusisimua watu. Lakini alimpa papa uadui usio na sababu, na wasomaji wakauchukua nje ya kitabu.

Wala tusiwanyoshee wageni vidole. Twapenda kusimulia jambo lililotukuta sisi wenyewe, ambapo hapakuwa na mchezo wa kompyuta wala sinema.

Miaka ya mwisho ya 1990 tulikuwa tukifundisha katika kijiji kimoja cha mkoa wa Lindi. Mwaka mmoja, wakati wa mavuno, simba alimchukua baba wa mwanafunzi wetu usiku, kutoka kibanda cha shambani. Juma la pili akamchukua mama mmoja. Watu walifunga milango tangu magharibi, na sisi tulifupisha masomo ili watoto wafike kwao jua likingali juu. Katika hofu ile likazuka neno mnalolijua: simba mtu. Wakasema huyu si simba wa kawaida, maana simba wa kawaida hana ugomvi nasi, huyu ametumwa. Na aliyetumwa ana aliyemtuma. Macho yakamgeukia mzee mmoja mjane aliyekaa peke yake ukingoni mwa kijiji, mtu aliyezoea kutulete— tusifiche, alizoea kutuletea mihogo. Usiku mmoja nyumba yake ikavunjwa mlango, na yeye akapigwa. Aliondoka alfajiri na mkeka wake, wala hatukumwona tena.

Sisi tulikuwapo kijijini. Hatukumpiga, lakini hatukutoka nje kumtetea. Tulikuwa na wake na watoto ndani, na giza lilikuwa nene, na ndani ya mioyo yetu palikuwa na sauti ndogo ikisema, pengine ni kweli. Jambo hilo tumelibeba mpaka leo.

Mwaka 2005 wataalamu wa Tanzania na wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la kisayansi liitwalo Nature. Walihesabu kwamba tangu mwaka 1990 hata 2004 simba waliwaua watu zaidi ya 563 katika nchi yetu na kuwajeruhi wasiopungua 308, wengi wao katika mikoa hii ya kusini. Walipouliza kwa nini, walipata jibu lisilo na uchawi. Mashambulio yalizidi miezi ya mavuno, Machi hata Mei. Yalizidi pale ambapo wanyama wanaoliwa na simba walikuwa wamepungua, na nguruwe pori walikuwa wengi. Nguruwe huingia mashambani usiku. Wakulima hulala vibandani ili wawafukuze. Simba huwafuata nguruwe, na katika kuwafuata nguruwe humkuta mtu amelala nyuma ya ukuta wa nyasi.

Tuliposoma habari hizo tulikaa kimya muda mrefu. Baba yule alikuwa amelala kibandani akilinda mahindi yake dhidi ya nguruwe. Sababu ilikuwapo wakati wote, shambani, na nyayo zake zikionekana kila asubuhi. Kama tungaliuliza kwa nini, huenda tungalichimba handaki kuzunguka mashamba, au tungalijenga vibanda vya miti imara na kulala wengi pamoja. Simba angalibaki hatari. Hatusemi kwamba sababu humfanya mnyama awe mpole, wala hatusemi asiuawe aliyekwisha kula watu. Lakini mzee yule angalikufa nyumbani kwake. Adui asiye na sababu hakai porini peke yake. Mwisho wake watu humtafutia sababu, nao huipata kwa jirani mnyonge.

Ndiyo maana tunaona kwamba jambo la mchezo si dogo. Anayezoea kuamini kwamba mnyama huja kwa uadui tu, atazoea kuamini hivyo juu ya watu wa kabila lingine, wa dini nyingine, wa mpaka wa pili wa mto. Ye yote aliyewahi kusikia maneno "hao ndivyo walivyo" ameisikia sauti ya mchezo ule.

Je, tuwanyang'anye watoto kompyuta? La hasha. Kwanza, hatutaweza. Pili, michezo yenyewe haifanani. Mjukuu wetu alituonyesha mwingine, Minecraft, uliotungwa Uswidi na kukamilishwa tarehe 18 Novemba mwaka ule ule wa 2011, juma moja tu baada ya Skyrim. Humo mna maadui wengi wa usiku, lakini mbwa mwitu hupita zake asipopigwa. Ukimpiga, yeye na wenzake watakurudi. Ukimpa mfupa, na pengine mifupa kadhaa, huwa mbwa wako akakufuata. Dubu mweupe naye hakusumbui, ila ukimsogelea akiwa na mtoto wake. Watungaji hao wamempa mnyama sababu, ijapokuwa ndogo, na mtoto hana budi kuijua ili apite salama. Tena mwaka 2017 walipotaka kuweka kasuku watakaofugwa kwa biskuti zenye chokoleti, watu waliwakumbusha kwamba chokoleti ni sumu kwa kasuku, na watoto wangeweza kujaribu nyumbani. Watungaji wakabadili, wakaweka mbegu. Maana yake wao wenyewe walikubali kwamba la mchezoni hutoka likaenda nyumbani.

Hata Skyrim ina mlango wa namna hiyo. Yako maneno matatu, yaliyochongwa katika kuta za mawe mahali mbalimbali, ambayo msafiri akiyapata na kuyatamka wanyama wakali hutulia mbele yake, naye hupita. Mjukuu wetu alijua kwamba yapo. Alikuwa hajayatafuta, kwa sababu, alisema, mnyama aliyetulia hatoi kitu.

Ushauri wetu kwa wazazi na babu na bibi ni mdogo. Kaeni na mtoto anapocheza, hata kama macho yanauma. Msimhubirie. Mwulizeni swali moja tu: "Huyu alikuwa anatafuta nini?" Mchezoni mara nyingi hatakuwa na jibu, na hilo lenyewe ni somo, maana atatambua kwamba ni mchezo. Kisha mwulizeni swali lile lile juu ya kunguru, juu ya nyoka, juu ya mtoto aliyempiga shuleni, na juu ya jirani tusiyesalimiana naye. Hapo majibu yatakuwapo, na mengine yatatugusa sisi wazee.

Sisi tulifanya hivyo siku ya pili. Tulimchukua mjukuu wetu nyuma ya banda, tukamwuliza kenge yule alikuwa anatafuta nini. Alizunguka, akainama, akachungulia. Chini ya ukuta palikuwa na tundu la upana wa mkono, na ndani yake maganda ya mayai. Akasema, "Alifuata mayai, Babu. Sisi ndio tuliacha tundu." Tulitafuta kipande cha bati na mawe matatu, tukaliziba pamoja. Ilituchukua robo saa.